Nina maneno 1,500 ya Kiingereza daftarini, lakini mgeni akisimama mbele yangu nakauka

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nimemaliza kidato cha nne na nafanya kazi ya mapokezi kwenye loji ndogo hapa Moshi. Wageni wetu wengi ni wa kupanda mlima. Kwa miezi saba nimekuwa nahifadhi maneno ya Kiingereza kutoka kwenye kamusi, saba kila siku, na nimefika herufi M. Daftarini nina maneno kama 1,500. Lakini mgeni akiongea nakauka. Juzi nilimwuliza mmoja kama anataka chai, akasema 'I'm good', nikamletea chai, akashangaa. Mwingereza mmoja aliomba teksi ya 'half six', nikaandika saa sita na nusu. Na mama mmoja alipouliza 'You don't have hot water?' nikajibu 'Yes', yaani ndiyo, hatuna. Akaingia bafuni, akatoka na hasira. Je, niendelee na kamusi mpaka Z? Au nilipie kozi ya 'Kiingereza kwa siku 30' ninayoiona kwenye matangazo? Au kichwa changu tu ndicho kizito?"

Marahaba, dada. Nianze na swali la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Kichwa chako si kizito. Mtu anayehifadhi maneno 1,500 ndani ya miezi saba huku anafanya kazi ya zamu ana kumbukumbu nzuri kuliko wengi wetu. Shida yako ni kwamba umejaza stoo lakini mezani hujapanga kitu, na mgeni ananunua mezani.

Tuangalie hiyo mikasa yako mitatu. "I'm good", "half six" na "You don't have hot water?" zina neno gani usilolijua? Hakuna. Yote unayajua tangu darasa la tano. Kwa hiyo hata ungekuwa umefika Z, ungeleta chai ileile, ungeandika saa ileile na ungejibu "Yes" ileile. Kinachokosekana ni namna maneno hayo yanavyokaa pamoja, na wakati gani yanasemwa.

Kukauka nako kuna sababu yake. Kulijua neno ni mambo mawili tofauti. Kuna kulitambua ukiliona limeandikwa, na kuna kulitoa mdomoni bila kuliona popote. Daftari lako limekufundisha la kwanza tu: unaona "luggage", unakumbuka mizigo. Kazini unatakiwa kwenda kinyume chake. Unaona mizigo, na neno lije lenyewe. Njia hiyo ya pili hujawahi kuipita hata mara moja, kwa hiyo ina majani.

Halafu angalia mzigo unaobebeshwa akili pale kaunta. Mgeni anauliza. Unatafsiri neno kwa neno kuja Kiswahili, unatunga jibu kwa Kiswahili, unalitafsiri kurudi Kiingereza, unakagua kama ni "do" au "does", na wakati huohuo unaogopa kuchekwa. Akili ya binadamu hushika vitu vichache tu kwa mara moja. Ukiipa kazi tano ndani ya sekunde mbili, inafunga mlango. Hivyo ndivyo unavyokauka, na hata profesa hukauka hivyohivyo katika lugha anayoitafsiri kichwani.

Dawa ni kupunguza kazi hizo. Anayeongea lugha kwa urahisi hatungi kila sentensi upya. Anachukua vifungu vilivyokwisha kuiva, anabadilisha neno moja mwishoni, basi. Wewe mwenyewe kwa Kiswahili husemi "shikamoo" kwa kufikiri kwamba asili yake ni "nashika miguu yako". Inatoka nzima. Kiingereza cha mapokezi nacho kinataka vifungu vinavyotoka vizima.

Chukua "Could I have ___, please?" Kifungu hiki ndicho "naomba" yako. Jaza nafasi: your passport, your room number, your phone number, your signature here. Umepata matumizi manne kwa kujifunza jambo moja. Na kina faida nyingine. Sisi tukisema "nipe pasipoti yako, dada", heshima tunaiweka kwenye sauti na kwenye hilo neno "dada". Kiingereza hakina mahali pa kuweka "dada" hapo, kwa hiyo "Give me your passport" husikika kama askari wa mpakani. Heshima yao inakaa kwenye "could" na "please". Wageni wengi wanaodai wahudumu wetu ni wakali, wamekutana na Kiswahili chenye adabu tele kilichopoteza adabu njiani kikitafsiriwa.

Vifungu vingine vitakavyokulipa haraka: "Would you like ___?" kwa kutoa chochote, iwe chai, taulo au chumba cha chini. "Let me ___ for you" kwa msaada: let me check for you, let me call him for you. "It'll be ready in ___ minutes." Na "I'm afraid ___", ambayo haina uhusiano wowote na kuogopa. Ni njia ya upole ya kutangulia habari mbaya: "I'm afraid the room isn't ready yet", samahani, chumba bado. Mtu aliyeokota "afraid" kwenye kamusi peke yake hawezi kuisikia hiyo.

Kabla ya hivyo vyote, anza na vifungu vitatu vya kujiokoa, uvijue mpaka usingizini. "Sorry, could you say that again?" ni kuomba arudie. "Do you mean ___?" ni kuhakikisha ulichosikia. "Let me write that down" inakupa sekunde kumi za kupumua huku ukionekana makini. Mtu mwenye vitatu hivi hakauki kabisa, kwa sababu daima ana la kusema. Usiseme "What?" peke yake, ni ukali. "Sorry?" ya kupandisha sauti mwishoni inatosha.

Sasa ile mikasa.

"I'm good" ukiwa umemwuliza mtu hali yake maana yake ni mzima. Ukiwa umempa kitu, maana yake ni hapana, asante. "I'm fine, thanks" na "I'm okay" hufanya kazi hiyohiyo. Hata sisi tunayo. Ukikaribishwa chakula ukainua kiganja na kusema "asante, nimeshiba", hakuna atakayekupakulia. Ukubali wao huwa na "please" au furaha ndani yake: "Yes, please", "That would be lovely". Ukibaki na shaka, uliza taratibu, "No tea, then?"

"Half six" ya Mwingereza ni "half past six" iliyokatwa katikati, yaani sita na nusu ya saa ya kizungu. Kwetu hiyo ni saa kumi na mbili na nusu. Hapa una mitego miwili. Wa kwanza unaujua, tofauti ya saa sita kati ya hesabu yetu na yao, ambayo kwenye saa ya mishale ni kuangalia namba iliyo upande wa pili. Wa pili huenda hujaujua: Mjerumani kwa lugha yake akisema nusu ya saba anamaanisha sita na nusu, yaani nusu ya kuelekea saba, na wengine huibeba hesabu hiyo wanapoongea Kiingereza. Kwa hiyo usibahatishe saa hata siku moja. Andika kwa tarakimu za saa 24, 06:30 au 18:30, mgeuzie karatasi mgeni, mwulize "Like this?" Akikubali ndipo umpigie dereva, na dereva mwambie kwa Kiswahili.

Usiku una mtego wake pia. Sisi tunasema saa saba usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa mgeni hiyo ni "one a.m. on Tuesday", kwa sababu siku yao imeanza saa sita usiku. Ukimwandikia "Monday" kwa sababu watu bado hawajaamka, mwenye ndege anaachwa. Andika tarehe pamoja na saa.

Swali la maji ya moto ndilo linalonipendeza zaidi, kwa sababu ulijibu sahihi kabisa kwa Kiswahili. Sisi tukiulizwa "Hamna maji ya moto?" tunajibu kauli ya muulizaji: ndiyo, ulivyosema ni kweli, hatuna. Kiingereza hakiangalii kauli yake, kinaangalia jambo lenyewe. Kama maji hayapo, jibu ni "No", hata swali liwe na ukanushi kiasi gani. Kugeuza tabia hii kichwani huchukua miezi, na mgeni amesimama hapo na taulo begani. Njia ya mkato ni kutotumia "yes" wala "no" kwenye swali lenye "don't", "isn't" au "can't". Taja hali tu: "We don't have hot water now. It'll be back at seven." Hapo hakuna wa kupotea.

Ndugu yake ni "Do you mind if I leave my bag here?" Anauliza kama utakereka akiacha begi. "Yes" hapo maana yake ndiyo, nitakereka, toa begi lako! Jibu "Go ahead", na mambo yamekwisha.

Kuna maneno yetu mawili yatakayokusumbua kila siku kwa sababu Kiingereza kimeyagawa. "Karibu" moja yetu kwao ni nne au tano. Mlangoni ni "Welcome, come in." Akikushukuru ni "You're welcome." Mbele ya chakula ni "Please, help yourself." Akiondoka, ile karibu tena yetu ni "We hope to see you again." "Welcome again" tunaelewana nayo wenyewe kwa wenyewe, lakini mgeni wa mara ya kwanza hubaki anajiuliza amefika tena wapi. Na "pole" haina mwenzake kabisa. Ukisema "Sorry" mtu akijikwaa, atakujibu kwamba si kosa lako, kwa sababu amesikia unaomba msamaha. Mwambie "Oh no, are you okay?" Aliyeshuka mlimani akiwa hoi, pole na safari yake ni "You must be tired. Please, have a seat." Kwa mfiwa ndipo "sorry" inaporudi: "I'm sorry for your loss."

Nipite haraka kwenye vitenzi. Kiswahili kina "kusikia" kwa baridi, njaa na harufu. Kiingereza kina "feel" na "smell", na "I'm hungry" haina kusikia hata kidogo. Kuazima na kuazimisha ni "borrow" na "lend", na anayepokea ndiye "borrow". Taa na televisheni hazifunguliwi, ni "turn on" na "turn off". Kwenye basi ni "get on", kwenye teksi ni "get in". Mama ni "she", si "he". Hayo yote utayarekebisha kwa kujifunza sentensi nzima, bila kukariri kanuni.

Usisahau pia kwamba una maneno mengi usiyoyahesabu. Blanketi, soksi, glasi, betri, tochi, sweta, kabati, bili: yote yameingia kwetu kutoka Kiingereza, na ukiyang'oa irabu ya mwisho unakaribia neno lenyewe. Ila angalia yaliyobadilika njiani. "Hoteli" ya mtaani kwetu ni mahali pa kula wali maharage. Mgeni akiuliza "hotel" anataka kitanda. "Kipilefti" ilitokana na kibao cha "keep left", lakini ukimwelekeza mgeni ageukie kwenye "keep left" hatakuelewa, mwambie "roundabout". Mmarekani naye "torch" haijui vizuri, kwake ni "flashlight", na kwa wapanda mlima neno hilo utalihitaji kila usiku.

Sasa kazi yenyewe ya kujifunza. Wiki ya kwanza usijifunze Kiingereza chochote. Beba kidaftari mfukoni, na kila unapomaliza kuongea na mgeni, au kushindwa kuongea naye, andika kwa Kiswahili ulichotaka kusema. Jambo likijirudia, weka kijiti pembeni. Baada ya siku saba utakuwa na sentensi 40 hivi, na utaona zenye vijiti vingi ni kama 15 tu. Hizo ndizo mtaala wako. Kamusi haiwezi kujua kwamba wewe kila siku unaeleza Wi-Fi haifiki vyumba vya nyuma.

Kiingereza cha sentensi hizo usitunge mwenyewe. Mwulize mwongoza watalii anayeongea vizuri, au mgeni mwenye muda anayesubiri gari. Wengi hufurahi kuulizwa. Programu za tafsiri za simu zinafaa ukizipa sentensi nzima pamoja na mazingira yake. Ukizipa neno mojamoja zitakuchezea, na "pole" na "karibu" ndiyo kabisa. Ukishapata tafsiri, irudishe kwa Kiswahili kwa programu ileile. Ikirudi kitu kingine, usiiamini.

Kisha kata manila vipande vya ukubwa wa kadi ya simu. Upande mmoja andika hali kwa Kiswahili: mgeni amefika saa nne asubuhi, chumba hakijasafishwa. Upande wa pili andika kifungu: "I'm afraid your room isn't ready yet. You can leave your bags here." Tazama upande wa Kiswahili, sema jibu kwa sauti, ndipo ugeuze. Hapo kwenye "ndipo ugeuze" watu wengi huharibu. Wanageuza kwanza, wanasema "aa, hii naijua," wanaendelea. Hiyo ni kutambua tena, ugonjwa uleule wa daftari. Zile sekunde tano za kuhangaika kulitafuta neno ndizo zinazolisafisha njia, hata ukilikosa.

Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Mpango huu ulienezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972 na bado sijaona ulio rahisi kuliko huo. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza, na hupitiwa kila siku. Ukiipata, inahamia chumba cha pili cha kila siku tatu, kisha cha kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Ukiikosa popote, inarudi cha kwanza bila huruma. Sababu yake ni kwamba kumbukumbu hufifia haraka mwanzoni, halafu polepole. Kila unapoikumbusha ikiwa inakaribia kupotea, hufifia kwa mwendo mdogo zaidi. Kurudia mara kumi jioni moja hakufui dafu mbele ya kurudia mara tano ndani ya mwezi.

Kadi mpya zisizidi sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni 30 kwa wiki, kama 780 kwa nusu mwaka, na dakika 15 kwa siku zinatosha. Najua umezoea maneno saba na sita itaonekana kushuka, lakini kila kadi sasa ni sentensi. Kinachoua mpango huu ni Jumapili yenye ari, unapoandika kadi 40 kwa mkupuo. Wiki ya pili zitakulundikia, utaliona boksi kama deni, utalisukuma chini ya kitanda. Likitokea hilo, usiongeze hata moja mpaka chumba cha kwanza kipungue. Na kadi uliyoikosa mara tano mfululizo imeandikwa vibaya. Ichane, andika fupi zaidi.

Usiweke pamoja siku moja maneno yanayofanana au kupingana. Vitabu hupenda kufundisha rangi zote ukurasa mmoja, matunda ukurasa mwingine, lakini watafiti wa ujifunzaji wa maneno wameonyesha kwamba maneno ya kundi moja yakijifunzwa kwa mara moja hugongana kichwani. Ndiyo maana kuna watu wazima wanaochanganya "Tuesday" na "Thursday" miaka yote. Jifunze moja, likae wiki mbili, ndipo umlete mwenzake. Kamusi ina ubaya huohuo, inakupangia "adapt", "adept" na "adopt" karibukaribu.

Daftari lako usilitupe. Lipitie na kalamu nyekundu, uweke alama kwenye neno ulilolisikia au kulihitaji mwezi uliopita. Ukipata 200, hizo zifanye kadi. Mengine yaache yalale. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, yapata 2,000, na mpaka leo orodha za namna hiyo zinaonyesha kwamba maneno 2,000 hadi 3,000 ya juu hubeba sehemu kubwa sana ya maongezi ya kila siku. Ukienda kwa herufi, unajifunza "abdicate" kabla ya "towel".

Kuna nusu nyingine ya kukauka kwako: sikio. Kiswahili ni lugha ya haki, kila silabi inapewa nafasi yake na mkazo unakaa wa pili kutoka mwisho. Kiingereza hulipa silabi moja na kuzidhulumu nyingine. "What time do you want to leave?" ya daftarini ni maneno saba, lakini masikioni inafika kama "wotaim-dyuwona-liiv". "Comfortable" hutoka "kamf-tabo", "vegetable" hutoka "vej-tabo". Kama maneno umeyasoma tu, hutayasikia hata yakipigiwa kelele.

Kwa hilo chukua sauti ya dakika moja yenye maandishi yake. BBC Learning English, wanaofundisha kazi hii tangu 1943, wana vipindi vya dakika sita vya bure vyenye maandishi kamili. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya loji usimalize bando. Sikiliza dakika moja mara mbili bila kusoma. Kisha soma, ukipigia mstari maneno uliyoyakosa. Sikiliza ukisoma. Halafu sema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo kama kivuli, ukiiga hata kupanda na kushuka kwa sauti. Siku ya tatu jirekodi kwa simu, ulinganishe. Dakika ileile kwa siku tatu ina faida kuliko vipindi vitatu vilivyopita sikio moja vikatokea lingine. Filamu na utangazaji wa mpira viache kwa burudani. Mtangazaji wa mpira anaongea mbio, na hakuna mgeni atakayekuomba kona.

Matamshi machache yana uzito wa pekee mapokezi. Shuka za kitanda ni "sheets", na irabu ivutwe, "shiits". Ukiikata fupi ni tusi, na nimekuonya mapema. "Can" ya kawaida humezwa karibu ipotee, "kn". Sisi huitamka kwa nguvu, na Mmarekani hudhani tumesema "can't". Ukikataa jambo, sema "cannot" nzima. Upande wa neema, una "thelathini" na "dhahabu" tayari mdomoni: "think" ni th ya thelathini, "this" ni dh ya dhahabu. Wafaransa na Wajerumani huhangaika nazo miaka. Kama wewe husema "selasini", anzia kuirekebisha hapo kwenye Kiswahili.

Kuhusu kozi ya siku 30. Siwezi kusema zote ni wizi, ila ahadi hiyo haitimiliki. Kwa dakika 15 za kadi na 10 za kusikiliza kila siku, tarajia miezi mitatu kwa maongezi ya kaunta yanayojirudia. Kukaa na mgeni jioni mkajadili siasa na ndoa ni mwaka au zaidi. Darasa zuri lina kitu kimoja ambacho boksi halina, mtu wa kukujibu usichokitarajia. Kabla ya kulipa, omba kukaa kipindi kimoja bure, uhesabu nani anaongea. Mwalimu akishika ubao saa nzima na wanafunzi wakinakili, hiyo ni kidato cha kwanza umerudi. Wanafunzi wakiongea nusu ya muda au zaidi, kwa makundi ya watu kumi au chini, fikiria. Vyeti vya mitihani ya Kiingereza kama IELTS usivilipie mpaka chuo au mwajiri fulani avidai. Kama hela haipo, tafuta mwenzako wa zamu. Kila siku dakika kumi mmoja awe mgeni msumbufu, mwingine awe mapokezi, mbadilishane.

Mwalimu wa ana kwa ana mtafute hasa ikiwa wiki kumi zimepita, kadi umezifanya kweli, na wageni bado wanakuomba urudie. Hapo huenda ni matamshi, na mtu hawezi kujisikia mwenyewe; vipindi vitatu vinne vya kusikilizwa na kurekebishwa hutosha kuonyesha kosa lilipo. Lakini kama hata kwa Kiswahili unawaomba watu warudie, hasa kwenye kelele au kwenye simu, nenda kliniki ya masikio upimwe kabla ya kumlaumu Mwingereza. Na kama tangu shule herufi zimekuwa zikikuchanganya hata kwenye Kiswahili, mweleze mwalimu tangu siku ya kwanza, ili akufundishe kwa kusikia na kusema zaidi kuliko kuandika.

Kesho anza na kile kidaftari cha mfukoni. Kamusi ibaki kaunta, uifungue pale tu mgeni anapotaja kitu usichokijua.